Nani Atamlisha Mwanahesabu?



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu niseme neno kwa ndugu zangu wanafunzi, na hasa kwa wenzangu tuliokwisha kuondoka shuleni. Kila mwaka gazeti hili huchapa majina ya vijana waliofaulu mtihani wa kidato cha sita, pamoja na vyuo walivyokwenda. Sote huyasoma kwa furaha, na kila mtu hutafuta kwanza majina ya watu wa bweni lake. Ni desturi njema, isikome. Lakini orodha ile hutaja walioingia tu. Haitaji waliotoka, wala haisemi walitoka kwa mlango gani. Kijana akiingia Chuo Kikuu, kisha akarudi nyumbani kabla ya mwaka wa pili kwisha, jina lake hubaki katika gazeti letu liking'aa, kana kwamba hapana lililotokea.

Leo nataka kusema habari za kundi dogo katika orodha hiyo, nalo ni la wale wanaokwenda kusoma hesabu. Si wengi. Katika shule kama yetu, mwaka ukiwa mzuri, huwa watatu au wanne. Wengine walio hodari wa hesabu huvutwa kwenye uhandisi na udaktari, maana huko ndiko wazazi wanakoona kuna riziki. Hao wachache wanaoifuata hesabu yenyewe ndio watakaokuwa walimu wa wadogo zenu, na kwa hiyo mambo yao si yao peke yao.

Maoni yangu ni haya: kumlipia ada mwanafunzi wa hesabu, bila ya kumtazamia chakula na mahali pa kulala, ni kujenga daraja mpaka katikati ya mto. Na ile nusu iliyobaki, sisi watu wa shule hii twaweza kuijenga wenyewe.

Kwanza yafaa tujue mambo yalivyo. Wazee wetu waliosoma Makerere zamani hupenda kutusimulia maisha yao ya huko, na sisi hudhani wanatia chumvi. Hawatii. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Katika miaka ile, na hata baadaye sana, aliyepata nafasi alikuwa amepata kila kitu: mafunzo, chumba, chakula, na fedha kidogo za mkononi. Waliopata nafasi walikuwa wachache mno, na uchache wao ndio ulioiwezesha serikali kuwalisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 fedha zile za mkononi zilikatwa, na mwaka 1992 Chuo kikaanza kupokea wanafunzi wanaojilipia. Tangu hapo mlango umekuwa mpana, na hilo ni jema. Lakini meza ya chakula imeondolewa.

Siku hizi ziko njia mbili kubwa za msaada wa serikali yetu ya Uganda. Ya kwanza ni udhamini, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukichukua wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Baadhi ya nafasi hizo hutolewa kwa maksi za nchi nzima, na nyingine kwa mgawo wa wilaya, ili mtoto wa Karamoja asipimwe kwa kipimo kimoja na mtoto wa shule kubwa za Kampala. Njia ya pili ni mkopo. Sheria ya Bodi ya mikopo ilipitishwa mwaka 2014, na wanafunzi wa kwanza wakakopeshwa katika mwaka wa masomo ulioanza mwaka huo. Masomo ya sayansi ndiyo yaliyotangulizwa. Mkopo huo hulipa ada ya mafunzo na malipo mengine ya chuoni. Haulipi chakula. Haulipi chumba.

Mtazameni basi kijana wetu aliyepata mkopo. Nyumbani wameuza mbuzi ili apate nauli, godoro na ndoo. Amefika Kampala, amepanga chumba Kikoni pamoja na wenzake watatu, na kila mwezi mwenye nyumba anapiga hodi. Mchana anakula kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe, na hicho ndicho chakula chake mpaka kesho. Muhula mmoja wa Makerere ni majuma 17. Fedha za mbuzi hazifiki juma la sita. Basi anatafuta kazi: wengine hubeba matofali, wengine huosha magari, wengine huchukua pikipiki ya mtu wakaendesha bodaboda usiku.

Mtu ataniuliza, Je, mwanafunzi wa historia hali? Anakula, na njaa yake yauma vilevile. Sisemi kwamba mwanahesabu ni bora kuliko wenzake. Nasema kwamba hesabu ina tabia yake, na tabia hiyo humwadhibu mtu mwenye njaa kuliko masomo mengi mengine.

Hapa shuleni mwalimu hutuambia, "Tafuta jibu." Huko Chuo Kikuu, tangu mwaka wa kwanza, neno hubadilika; mtu huambiwa, "Thibitisha." Jibu limekwisha kuandikwa kitabuni, linalotakiwa ni sababu yake, hatua kwa hatua, bila ya kuruka hata moja. Swali moja laweza kumla mtu usiku kucha, na asubuhi awe na karatasi kumi ndani ya pipa na mstari mmoja tu ulio sawa. Tena masomo yenyewe yamepangwa kama matofali ya ukuta. Ambaye hakuelewa jambo la juma la tatu hataelewa la juma la nne, na la juma la kumi litakuwa kwake kama lugha ya ng'ambo. Katika masomo mengine mtu aliyekosa majuma mawili huazima daftari la mwenzake, akasoma siku mbili, akawafikia. Hesabu haisomwi kwa kuazima daftari. Daftari la mwenzako lina njia aliyopita yeye. Wewe ni lazima uipite kwa miguu yako.

Kwa upande mwingine, hesabu ndiyo sayansi rahisi kuliko zote kwa gharama. Haina haja ya maabara, wala dawa, wala mashine za kuagiza kutoka Ulaya. Yataka karatasi, kalamu, vitabu vichache, na saa nyingi za kukaa kimya na akili iliyotulia. Kwa hiyo basari ya mwanahesabu, ukiitazama sawasawa, hainunui vitu. Inanunua saa. Ukimlipia ada ukamwacha auze saa zake zote ili apate kula, umelipia kiti ambacho mwenyewe hakikalii.

Mimi mwenyewe nilisoma hesabu kwa miaka mitatu. Ada ililipwa, chakula kilikuwa juu yangu. Mwaka wa pili nililinda ghala la saruji usiku tatu kila juma. Watu husema mlinzi ana nafasi nzuri ya kusoma. Mlinzi anayesoma hasikii mwizi, na mwenye ghala, ambaye alikuwa mtu wa haki na aliyelipa kwa wakati, alipita saa nane za usiku kuangalia kama nimeinama juu ya kitabu. Nilimaliza, kwa kuwa ndugu yangu mkubwa alipata kazi mwaka uliofuata akanichukua nyumbani kwake. Mwenzangu mmoja, aliyenishinda katika kila mtihani wa hesabu hapa shuleni, hakuwa na ndugu wa namna hiyo. Aliondoka katika muhula wa pili wa mwaka wa pili. Leo anauza vipuri vya magari katika soko la Kisekka, na hupiga hesabu kichwani kabla mteja hajaitoa simu mfukoni. Kazi yake ni ya heshima, naye anasomesha watoto wake. Lakini kila nipitapo pale hujiuliza ni madarasa mangapi ya watoto wetu yaliyokosa mwalimu yule kwa ajili ya kodi ya chumba cha miezi mitano.

Mambo haya si mageni duniani. Nawapa mfano wa Mhindi mmoja ambaye kila mwanafunzi wa hesabu yapasa amjue. Srinivasa Ramanujan alizaliwa mwaka 1887 kusini mwa Bara Hindi, katika nyumba isiyo na mali. Mwaka 1904 aliingia chuo cha serikali mjini Kumbakonam kwa skolashipu. Alizama katika hesabu hata akayaacha masomo mengine yote, akaanguka katika Kiingereza, nayo skolashipu ikaondolewa. Akajaribu chuo kingine mjini Madras, akaanguka tena. Mwaka 1912 alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya bandari ya Madras, kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Januari 1913 aliandika barua kwa G. H. Hardy, mwalimu wa hesabu huko Cambridge, akamtilia ndani kanuni alizozivumbua mwenyewe. Hardy aliona mara moja kwamba aliyeandika vile hakuwa mtu wa kawaida.

Kisha lilitokea jambo ambalo watu hulipita upesi wanapoisimulia habari hii, nami naliona kuwa ndilo kubwa. Kabla Ramanujan hajapanda meli kwenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Madras kilimpa rupia 75 kwa mwezi kwa miaka miwili, bila ya sharti jingine ila kuleta taarifa ya kazi yake kila baada ya miezi mitatu. Rupia 75 si utajiri. Ni mara mbili na nusu ya mshahara wa karani. Lakini zilimwondoa mezani pa bandari, zikalisha nyumba yake, zikampa mchana na usiku wake mwenyewe. Mwaka 1914 alikwenda Cambridge kwa skolashipu nyingine, na mwaka 1918 alichaguliwa katika Royal Society, jumuiya ya wataalamu wakubwa wa Uingereza. Alikufa mwaka 1920, umri wake miaka 32, na mpaka leo wanahesabu wanayafanyia kazi mambo aliyoyaacha katika madaftari yake.

Habari hii ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba msaada unaotolewa kwa jumla ya maksi za masomo yote huweza kumpita yule yule unayemtafuta. La pili ni kwamba kiasi kidogo, kikitolewa kila mwezi bila ya kukatika, hufanya kazi kuliko kiasi kikubwa kinachotolewa mara moja kwa sherehe na picha.

Majirani zetu wameliona jambo hili la chakula. Huko Tanzania, Bodi ya mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005 huweka chakula na malazi katika hesabu ya mkopo. Tangu mwaka 2022 iko pia Skolashipu ya Samia kwa vijana waliofaulu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita, nao husomea sayansi, ufundi, uhandisi na hesabu. Kenya nayo ina Bodi yake tangu mwaka 1995, na mkopo wake una fungu la matumizi ya mwanafunzi mwenyewe. Sisemi kwamba huko mambo yote ni asali. Mkopo ni deni, na deni halina mchezo: Mtanzania aliyekopeshwa, akipata kazi, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Lakini angalau wamekubali kwamba mwanafunzi ana tumbo.

Na liko jambo jingine la ajabu, ambalo wengi wenu hamjaambiwa. Kijana wa Kiafrika akiisha kupata digrii ya kwanza ya hesabu kwa maksi nzuri, milango hufunguka mbele yake. Mwaka 2003 kilianzishwa karibu na Cape Town chuo cha AIMS, kwa ajili ya hesabu tu na mambo yanayohusiana nayo. Na tangu mwaka 2016 kina tawi Kigali, safari ya basi ya usiku mmoja kutoka hapa. Wanaochaguliwa kwa digrii ya pili huko hupewa mafunzo, chumba na chakula. Mjini Trieste, Italia, kiko chuo cha ICTP kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mtaalamu wa Pakistan, na tangu mwaka 1991 kina kozi ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zetu. Hesabu ni mojawapo ya masomo yake, na mwanafunzi hulipiwa safari na maisha. Tena tangu mwaka 2002 idara za hesabu za Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zimeshirikiana katika mpango mmoja, kwa msaada kutoka Uppsala huko Sweden, kusomesha wanahesabu wa digrii za juu. Na vyuo vikuu vya Zambia na Rwanda vikajiunga nao.

Haya, tazameni ngazi hii. Vipandio vya juu vipo, tena imara, vimepigiliwa na watu wa mataifa mengi. Vipandio vya chini ndivyo vilivyooza. Kijana wetu haanguki kwa sababu mlima ni mrefu; anaanguka katika kipandio cha pili, mbele ya macho yetu, kwa sababu ya kodi na chapati. Hapana mtu wa Trieste atakayekuja Kikoni kumlipia chumba. Kazi hiyo ni yetu.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, "Hesabu haina kazi, tuwasaidie madaktari." Namwuliza, Daktari huyo alifundishwa na nani kupima dawa kwa uzito wa mgonjwa? Mhandisi alifundishwa na nani kujua mzigo utakaochukuliwa na nguzo? Mei 2024 nchi yetu ilihesabiwa, na hesabu ikaonyesha watu karibu milioni 46. Kuhesabu vichwa ni kazi ya makarani. Lakini kujua shule ngapi zitahitajika, na hospitali ngapi, na wapi, ni kazi ya watu waliosoma hesabu. Mabenki yanawataka, makampuni ya bima yanawataka, wanaotengeneza programu za kompyuta wanawataka. Lakini hata kama hayo yote yasingekuwapo, yatosha kusema kwamba mtoto asiyekuwa na mwalimu mzuri wa hesabu katika kidato cha pili hatakuwa daktari wala mhandisi. Ukimwacha mwanahesabu mmoja aanguke, umewaangusha na madaktari ambao hawajazaliwa.

Wa pili atasema, "Ukimlisha utamfanya mvivu, sisi tulihangaika, na shida ndiyo iliyotufunza." Shida hufunza, sikatai. Lakini waliokuja kutueleza kwamba shida iliwafunza ndio waliopona. Walioshindwa hawakualikwa kusema siku ya wazazi. Tena kuna shida inayomkomaza mtu na shida inayomla. Kukaa usiku kucha na swali lisilotaka kufunguka ni shida ya kwanza, na hiyo tumwachie aipate kwa wingi. Kukaa usiku kucha na saruji ya mtu ni shida ya pili, na haimfundishi hesabu.

Wa tatu atasema, "Fedha ziko wapi?" Huyu ndiye ninayempenda, maana swali lake ni la hesabu. Basi tuchukue kalamu.

Tuseme wanafunzi wa zamani 200 tu, katika wote waliopita hapa, wakubali kutoa shilingi 10,000 kila mwezi. Ni kama bei ya soda tano au sita. Kwa mwezi tutapata shilingi 2,000,000, na kwa mwaka 24,000,000. Mwanafunzi mmoja tumpe shilingi 400,000 kwa mwezi kwa chakula na sehemu yake ya chumba, kwa miezi minane ya masomo. Hiyo ni 3,200,000 kwa mwaka. Tukichukua vijana wawili kila mwaka, na digrii ni ya miaka mitatu, tutakuwa na sita kwa wakati mmoja. Sita mara 3,200,000 ni 19,200,000. Zitabaki 4,800,000 kila mwaka kwa vitabu, nauli na magonjwa.

Wala si hayo tu. Mwaka wa kwanza tutakuwa na vijana wawili, nao watatumia 6,400,000. Mwaka wa pili tutakuwa na wanne, nao watatumia 12,800,000. Kwa hiyo mwisho wa mwaka wa pili zitakuwa zimebaki shilingi 28,800,000 katika sanduku. Gawanyeni kwa 19,200,000, mtaona kwamba akiba hiyo yatosha kuwalisha wote sita kwa mwaka mmoja na nusu hata kama hapana shilingi moja itakayoingia. Twajuana: mwaka wa kwanza tutachanga kwa shangwe, wa pili kwa kukumbushwa, na wa tatu kwa kusukumwa. Akiba hii ndiyo itakayowalinda vijana na usahaulifu wetu.

Mpango huu nauona ufuate kanuni tano. Kwanza, wachaguliwe na walimu wa hesabu, si kwa jumla ya maksi peke yake. Wapewe maswali matano magumu na siku nzima ya kuyafikiri, kisha mwalimu asome karatasi zao aone namna wanavyofikiri hata pale wasipofika. Halafu itazamwe hali ya nyumbani, na anayejiweza aachwe ajitegemee. Pili, fedha zitolewe kila mwezi, moja kwa moja kwa mwanafunzi, kwa simu. Zikitolewa zote mwanzoni mwa muhula, ndugu wa karibu na wa mbali watazisikia harufu. Tatu, kijana akianguka katika somo moja asinyang'anywe msaada papo hapo. Apewe mwaka wa kujirekebisha, na mmoja wetu amwendee amwulize ana nini. Nne, kila anayesaidiwa arudi hapa majuma mawili katika likizo kubwa, awafundishe wadogo zake hesabu bila ya malipo. Hilo ndilo deni lake, na halina riba. Tano, hesabu ya fedha zote ichapwe katika gazeti hili kila mwaka, shilingi kwa shilingi. Lakini majina ya waliosaidiwa yasichapwe. Mtu asilipie chakula chake kwa aibu.

Na ninyi ndugu zangu mlio madarasani sasa, msingoje mpango wetu. Anayetaka kusoma hesabu aanze kujiandaa katika kidato cha tano. Wekeni pamoja karatasi zenu: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, matokeo ya mitihani, barua ya mwenyekiti wa kijiji, na habari za kweli za kazi na mapato ya wazazi. Wengi hukosa msaada, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa karatasi moja siku ya mwisho. Someni tangazo la Bodi ya mikopo neno kwa neno, myaone yanayolipwa na yasiyolipwa, kabla hamjatia sahihi. Mkopo ni mkataba, na mwenye kusaini ndiye mwenye kulipa. Jihadharini na mtu anayewaomba fedha mkononi ili awasukumie karatasi zenu. Huyo hana skolashipu, anaitafuta kwenu.

Tena msione haya kusema kwamba hamna chakula. Mwanafunzi wa Makerere anayeficha njaa hujifungia chumbani, kisha hukosa darasa moja, kisha mawili, na tunapokuja kumwuliza hali yake amekwisha kuondoka. Mwambie mwalimu wako. Mwandikie mmoja wetu. Isaac Newton aliingia Trinity College, Cambridge, mwaka 1661 kama mwanafunzi wa daraja la chini, aliyejilipia masomo kwa kuwatumikia wengine. Na mwaka 1664 alichaguliwa kupata skolashipu ya chuo kile. Umaskini wake wa wakati ule haukumpunguzia kitu mbele ya watu.

Wenzangu wa zamani, mkutano wetu wa mwaka hufanyika shuleni, na kila mwaka husema sana juu ya kujenga lango jipya. Lango ni zuri, nami sina ugomvi nalo. Lakini naomba safari hii katibu aliandike jambo hili katika ajenda kabla ya habari za lango, watu wakiwa bado hawajaanza kutazama saa. Waliokubali waandike majina yao siku ile ile, pamoja na kiasi watakachotoa, kidogo au kikubwa. Mimi nimekwisha kuandika langu juu kabisa ya ukurasa, na nimeacha mistari 199 chini yake.

Ni mimi ndugu yenu,

Mwalimu wa Hesabu,
Mwanafunzi wa Zamani, Kampala.